Rivyu: treina ya baiskeli na tredimili kwa mwaka mzima, na kama kweli zinachukua nafasi ya barabara

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo: treina ya baiskeli (mashine ya kufungia baiskeli yako uiendeshe ndani) nunua, tredimili (mashine ya mkanda wa kukimbilia ndani) fikiria mara mbili, na feni nunua kabla ya vyote viwili. Nje ni nje, hakuna mashine inayochukua nafasi yake, ila nje haipatikani kila siku ya mwaka na hapo ndo hizi mashine zinapata kazi. Sasa kwa mwenye muda tukae tuongee, maana rivyu nyingi za hivi vitu zinaandikwa wiki ya kwanza, mtu kafungua boksi, kapanda, kapiga picha, kaweka nyota tano, kwisha habari. Mimi nimekaa nazo misimu yote, ya mvua, ya joto, ya baridi na ile ya giza kuingia mapema, na mashine ileile inaweza kuwa mkombozi msimu huu halafu msimu unaofuata ikawa kero tupu.

Kampuni sitaji, bei sitaji. Ninayoyasema yanahusu aina ya mashine zaidi ya nembo iliyobandikwa ubavuni, na bei zenyewe zinabadilika kufumba na kufumbua. Halafu naongea na watu wa stamina, yaani wakimbiaji wa mbio ndefu, waendesha baiskeli, watu wa triatloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia). Kama lengo lako ni nusu saa ya kutoa jasho kabla ya kuoga basi mashine yoyote inayozunguka itakufaa, usijisumbue na haya maelezo yote.

Treina ninayoizungumzia ni ile unayong'oa gurudumu la nyuma kabisa, baiskeli unaifunga kwenye mashine na cheni inakaa kwenye gia za mashine yenyewe. Zile za kubana tairi kwenye rola ni nafuu na zinafanya kazi, ila zinakula tairi, zina kelele, na namba za wati, yaani nguvu unayosukuma kwenye pedali, zinategemea upepo uliomo kwenye tairi na ulivyoikaza rola siku hiyo, kwa hiyo wati 200 za jana na wati 200 za leo sio kitu kimoja. Zile rola tatu za kupanda juu bila kufungwa popote ni nzuri kwa kujifunza balansi, lakini kwa kazi nzito utaishia ukutani.

Sababu kubwa ya kuinunua ni ile modi inayoitwa ERG. Unaiambia nataka wati 220 kwa dakika 20, basi inakushikia hapohapo, ukipiga pedali polepole inaongeza uzito, ukiharakisha inapunguza, gia uliyopo haina maana tena. Kwa mazoezi ya kizingiti, yaani ule mwendo mkali ambao mtu aliyejiandaa anaweza kuushikilia karibu saa nzima, zile kazi za dakika 20 mara mbili za kujikaza kisabuni, sijaona barabara inayonipa kitu safi namna hiyo. Barabarani dakika ya 7 kuna makutano, dakika ya 9 kuna mteremko, dakika ya 12 kuna lori limepaki vibaya, ukija kujumlisha ile dakika 20 yako imekatika vipande vipande. Ndani unaipata nzima, hamna kuteleza bure bila kupiga pedali, ndo maana saa moja ya treina inauma kuliko saa moja ya barabara hata kama wastani wa wati unafanana.

Ila modi hiyo ina mtego wake. Ukichoka, miguu ikianza kuzunguka polepole, mashine inaongeza uzito ili wati zibaki palepale, uzito ukiongezeka unazidi kupunguza mzunguko, nayo inazidi kukaza, mpaka miguu inagoma kabisa. Dawa ni kuacha pedali sekunde chache ikuachie, halafu uanze na mzunguko wa haraka kabla haijakukamata tena. Na kwa zile spidi fupi za sekunde 10 au 15 izime hiyo modi, maana inachukua muda kupanda, itaanza kukukaza wewe umeshamaliza.

Namba zake je? Watengenezaji wa treina nzuri za aina hii wanaahidi usahihi wa asilimia 1 mpaka 2 juu au chini, na ya kwangu nikiilinganisha na mita ya wati ya kwenye pedali tofauti ipo lakini ni ndogo na haiyumbi, na kutoyumba ndo ninachotaka mimi. Pedali zinapima kabla ya cheni, treina inapima baada ya cheni, kwa hiyo treina kusoma wati chache chini ni kawaida na cheni ikiwa chafu ndo kabisa. Zile zinazotaka kusetiwa upya mara kwa mara, piga pedali dakika 10 ipate moto kwanza ndo uiseti, ikiwa baridi na ikiwa moto haisomi sawa.

Kiti sasa. Hapa watu wanashangaa, mtu anapiga saa nne barabarani bila shida, akipanda treina dakika 50 tu makalio yanawaka. Barabarani baiskeli inayumba chini yako, unanyanyuka kwenye mashimo, unaacha pedali mteremkoni, unakata kona, yote hayo yanahamisha uzito bila wewe kujua. Kwenye treina baiskeli imekamatwa na wewe umekaa juu ya mfupa uleule muda wote. Simama kwenye pedali kila dakika chache hata kama hujisikii, na kama uwezo upo kuna ubao unaoyumba wa kuweka chini ya treina, mwenzangu anao, nimeupanda, tofauti inasikika kweli. Bila hivyo mimi saa moja na nusu ndo mwisho wa raha, baada ya hapo ni ubishi tu.

Kitu kingine ambacho kwenye boksi hakijaandikwa: jasho linaua baiskeli. Nje upepo unalichukua, ndani linadondoka palepale, kwenye bolti za usukani, kwenye beringi za uma, linaingia chini ya ule utepe wa mikononi na chumvi yake inaanza kazi ya kutu kimyakimya. Funika usukani na taulo, ukimaliza pangusa na kitambaa chenye maji safi, na usikae mwaka mzima bila kufungua utepe kuangalia hali ya bomba la usukani. Usukani ulioliwa na chumvi unaweza kukatika siku ukiwa barabarani kwenye mteremko, sio siku ukiwa sebuleni.

Haya, feni. Hapa nitakaa muda mrefu kidogo kwa sababu naona ndo tofauti kubwa kabisa kati ya ndani na nje na watu wanaichukulia kama anasa.

Mwili wa mwendesha baiskeli unageuza kama asilimia 20 mpaka 25 tu ya nishati unayochoma kuwa kazi kwenye pedali, iliyobaki inatoka kama joto. Kwa hiyo ukisukuma wati 200 mwili wako unatoa joto la wati 600 mpaka 800 hivi, yaani umejifungia chumbani na hita na hita yenyewe ni wewe. Njia kuu ya kulitoa hilo joto ni jasho, na lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inabeba kilojuli 2,400 hivi, ambayo inakaribia joto lote unalozalisha kwa saa nzima kwa mwendo huo. Lakini lazima likauke likiwa mwilini. Lile linalodondoka chini mpaka mkeka unaloa halijakupoza hata kidogo, umepoteza maji bure. Barabarani ukiwa kilomita 30 kwa saa unapigwa na upepo wa mita 8 kwa sekunde bila kulipia umeme, jasho linakauka kabla hujaliona. Chumbani hewa imesimama, inayokuzunguka imeshajaa unyevu wako mwenyewe, jasho halina pa kwenda.

Matokeo yake unayaona kwenye saa. Wati zilezile lakini mapigo ya moyo yanapanda taratibu, dakika ya 10 yako 145, dakika ya 50 yamefika 160 na hujaongeza kitu. Damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza, maji ya damu yanapungua kwa jasho, kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo zaidi, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi. Mtu anaona hivyo anasema nimeshuka kiwango, au anasema treina inadanganya, wakati shida ni hewa. Wengi wanajikuta wati zao za ndani ziko chini ya za nje na feni kubwa inarudisha sehemu nzuri ya hiyo tofauti, kwa hiyo kabla hujapima upya kiwango chako au kubadilisha programu nzima ya mazoezi washa feni kwanza.

Na nikisema feni sio ile ndogo ya mezani. Tafuta kubwa ya kusimama chini, iwe mbele yako inalenga kifua na uso, ya pili ukipata iweke ubavuni, dirisha wazi, na iwashe mapema, usisubiri mpaka uwe umelowa. Mimi nikiambiwa nichague kati ya treina ya bei mbaya bila feni na ile ya kubana tairi pamoja na feni mbili, nachukua ya kubana tairi bila kufikiria.

Ila hilohilo joto ukilipanga ni mali. Ukiwa na mbio mahali pa joto na unakoishi kuna baridi, siku 10 mpaka 14 za kufanya mazoezi kwenye joto zinaubadilisha mwili, maji ya damu yanaongezeka, unaanza kutoka jasho mapema, jasho lenyewe linapungua chumvi. Hapo ndo unapunguza feni makusudi, lakini kwa mazoezi mepesi tu, sio kwa zile kazi za kizingiti, maji yawe karibu, na ukisikia kizunguzungu au baridi ya ajabu mwilini shuka hapohapo.

Kuna mfano naupenda sana kwenye hili. Mwaka 2000 Christine Clark, daktari kutoka Anchorage kule Alaska, alishinda mchujo wa Olimpiki wa marathoni ya wanawake ya Marekani uliokimbiwa Columbia, South Carolina, kwa saa 2:33:31. Mazoezi yake ya majira ya baridi kwa sehemu kubwa yalikuwa kwenye tredimili ndani, na siku ya mbio kulikuwa na joto. Mtu katoka kwenye theluji kaja kuwashinda wenzake kwenye joto, wengi wao wenye historia kubwa kuliko yake. Sisemi ni tredimili peke yake, mtu alikuwa na mapafu na kichwa, lakini saa nyingi za kukimbia kwenye hewa iliyosimama nadhani hazikumharibia kitu.

Na kwenye baiskeli yupo Mathew Hayman wa Australia. Mwisho wa Februari 2016 alivunjika mkono kwenye mbio za Omloop Het Nieuwsblad kule Ubelgiji, wiki zilizofuata akawa anapiga mazoezi kwenye treina nyumbani na mkono umefungwa, halafu Aprili akashinda Paris–Roubaix akiwa na miaka 37, kwenye uwanja wa Roubaix akamzidi Tom Boonen kwa spidi ya mwisho. Paris–Roubaix jamani, zile barabara za mawe. Huo mfano kila muuza treina anautumia, na ni wa kweli, ila wanasahau kusema Hayman alikuwa ameshaendesha mbio hiyohiyo mara nyingi kwa miaka mingi. Miguu aliitunza ndani, ujuzi wa mawe aliupata nje siku nyingi. Mgeni wa mawe ukimpa treina miezi miwili bado ni mgeni wa mawe.

Programu za kuendeshea, zile zinazokuweka kwenye barabara ya skrini pamoja na watu wengine, sitakaa sana. Zwift ilianza majaribio mwaka 2014 na imewafanya watu wengi wavumilie kile kiti, na mambo yakakua mpaka UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya kwenye skrini, ya kwanza Desemba 2020, wakashinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini na Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye alijulikana zaidi kwa kupiga makasia. Hiyo inakuonyesha kitu: kwenye treina injini ndo kila kitu, kukata kona na kujificha kwenye kundi kwa ustadi wa barabarani kunahesabika kidogo. Binafsi naona programu ni nzuri kwa siku ambazo hujisikii kabisa, ila mbio zake za kila jioni zinakuvuta uende kwa nguvu siku iliyopangwa kuwa nyepesi, na hapo ratiba yako ya wiki imeharibika. Halafu uzito. Spidi ya kupanda mlima inategemea sana wati ukigawanya na kilo zako, na kilo unajaza mwenyewe, sasa utakutana na watu wazima wenye kilo za mtoto wa darasa la sita wanapanda mlima wanakupungia mkono. Lipia miezi ya hali mbaya, miezi mizuri sitisha.

Tredimili sasa, na hapa mapenzi yangu yanapungua.

Kwanza ukubwa. Mtu mrefu anayekimbia kwa kasi anahitaji mkanda mrefu, zile fupi za kukunjwa chini ya kitanda zinakufanya ukate hatua bila kujua, unakimbia kwa kuogopa kuanguka nyuma. Mota ndogo nayo inaonekana pale mguu unapogusa chini, mkanda unasita kidogo kila hatua, na ukikimbia saa nzima ule msito unauchokesha mwili wako na mota pia.

Pili, spidi inayoandikwa kwenye skrini usiiamini mpaka uipime mwenyewe, na kupima ni rahisi. Mashine ikiwa imezimwa pima urefu wa mkanda mzima kwa futi ya kamba, weka alama ya tepu pembeni, halafu iwashe kilomita 10 kwa saa, wewe uwe unakimbia juu yake maana uzito wa mtu unaupunguza mkanda kasi, mwenzako ahesabu mizunguko. Tuseme mkanda una mita 3, mizunguko 50 ni mita 150, kwa spidi hiyo inatakiwa sekunde 54. Ikichukua sekunde 57 basi unakimbia kama kilomita 9.5 kwa saa na skrini inakupamba. Saa ya mkononi haitakusaidia sana hapa, ndani haina setilaiti, inakisia umbali kwa mtikisiko wa mkono, na ukishika vishikio ndo imepotea kabisa. Na vishikio visishikwe, ukishika unajibeba, mwinuko wa asilimia 10 unakuwa wa kwenye picha tu.

Kuhusu mwinuko, kuna ushauri maarufu wa kuweka asilimia 1 ili ifanane na nje. Unatoka kwenye utafiti wa Andrew Jones na Jonathan Doust wa mwaka 1996, waliona kwa spidi za kilomita 10.5 mpaka 18 kwa saa huo mwinuko ndo unaleta gharama ya nishati inayolingana na kukimbia barabara ya tambarare, kwa sababu kwenye mkanda huna upepo wa kusukuma. Ukiwa mwendo wa taratibu upepo wenyewe ni mdogo, weka sifuri tu na maisha yaendelee. Kinachonishangaza ni watu kubishana kuhusu hiyo asilimia 1 na mashine yao haijapimwa spidi.

Pale tredimili inaposhinda nje bila ubishi ni kupanda. Asilimia 10 kwa kilomita 6 kwa saa ni mita 600 za kupanda ndani ya saa moja, bila kushuka hata mita moja, kwa hiyo magoti yanapona na moyo unapata kazi yote. Mtu anayejiandaa na mbio za milimani na anaishi kwenye tambarare hii peke yake inatosha kumshawishi. Ya pili ni barafu barabarani, hapo hakuna ushujaa, kuteguka nyonga kwa ajili ya kilomita 8 nyepesi ni hasara. Ya tatu ni mtu anayerudi kutoka jeraha, anayetaka kusimama sekunde anaposikia maumivu badala ya kuwa kilomita 5 mbali na nyumbani.

Inaposhindwa ni kushuka. Mashine nyingi hazishuki kabisa au zinashuka kidogo, na misuli ya mbele ya paja inaharibika kwa kushuka, sio kupanda, kwa sababu inafanya kazi huku inavutwa. Boston Marathon inaanzia Hopkinton na kumalizikia mjini chini kwa zaidi ya mita 130, watu wanafika kwenye vilima vya Newton mapaja yameshakwisha, wanasingizia vilima wakati aliyewamaliza ni mteremko wa mwanzo. Hiyo kazi mkanda hauwezi kukufundisha. Hauwezi pia kukufundisha kushika mwendo, maana mashine inakushikia, unabonyeza 12 unapata 12, kichwa kinalala. Nje unaanza haraka, unajirudi, upepo unakupiga unakubali kupungua, unajua mwendo kwa pumzi. Mtu aliyezoea mkanda tupu siku ya mbio kilomita ya kwanza anaondoka na watu wasio wa levo yake.

Huduma baada ya kununua niiseme na hii, jina nabaki nalo. Mkanda wa tredimili ulianza kuhamia kushoto na kula kingo za plastiki, nikawaandikia waliouza, majibu yakawa zima uwashe, halafu piga video, halafu kimya. Ilinyooka kwa bisibisi ya nyota sita iliyokuja kwenye boksi, bolti ya nyuma upande unaokimbilia mkanda, robo mzunguko, subiri dakika, robo tena, na mafuta ya silikoni chini ya mkanda kama kitabu chake kinavyoelekeza. Fundi wa dakika tano. Kwa hiyo kabla hujanunua uliza spea zinapatikana wapi na nani anakuja kuitengeneza, maana hii sio treina ya kubeba kwenye begi ukaipeleka mwenyewe, hii ni mzigo wa watu wawili na ngazi. Na kile kikamba cha usalama kivae kila siku, mashine ikiwa haitumiki kichomoe ukifiche, watoto na mkanda unaozunguka havikai pamoja.

Nje sasa nayo niifanyie rivyu kwa misimu, maana nayo ni bidhaa, ya bure lakini ina masharti.

Msimu wa baridi ya kawaida ndo wakati wake mzuri kabisa, marathoni nyingi zinaenda vizuri joto likiwa nyuzi 10 hivi, kwa hiyo ile mbio ndefu ya polepole kuifanyia ndani siku ya namna hiyo naona ni kujinyima. Baridi kali na kavu inabana njia za hewa hasa kwa mwenye pumu, kitambaa mdomoni kinasaidia, na kazi za kasi hamishia ndani. Msimu wa joto toka alfajiri, na kwa baiskeli hata kukiwa na joto nje mara nyingi bado ni afadhali kuliko chumba kisicho na upepo. Mvua ya kawaida haijawahi kumuua mkimbiaji, mwendesha baiskeli ndo aangalie breki na rangi za barabarani zinavyoteleza. Radi haina mjadala, ukisikia ngurumo ingia ndani na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuna na msimu wa hewa chafu, wa moshi na vumbi, ambao watu wa stamina wanaudharau. WHO mwaka 2021 ilishusha mwongozo wake, chembe ndogo sana za hewani zinazoitwa PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Mtu aliyetulia anavuta lita 6 mpaka 8 za hewa kwa dakika, mwanamichezo kwenye kazi nzito anapita lita 100, sasa piga hesabu unavuta nini. Siku hizo ndani ndo mahali pake, ila funga madirisha, na kwa kuwa umefunga madirisha punguza ukali wa mazoezi maana joto litakurudia. Na wale wanaoweka treina dirishani wakidhani wanapata vitamini D ya jua, kioo kinazuia ile miale inayotengeneza hiyo vitamini, kwa hiyo unapata mwanga na mandhari, vitamini hupati.

Kwa mpangilio wangu wa sasa, kazi mbili ngumu za baiskeli katikati ya wiki ni ndani mwaka mzima hata kukiwa na hali nzuri, ile ndefu ya wikiendi ni nje mwaka mzima isipokuwa barafu, radi au moshi. Kukimbia ni nje karibu kote, tredimili inabaki ya kupanda na ya dharura. Anayejiandaa na triatloni anaweza kuegemea ndani zaidi, Lionel Sanders wa Kanada alijulikana kwa kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ndani na alimaliza wa pili Ironman ya dunia, yaani triatloni ndefu, kule Kona, Hawaii, mwaka 2017, kwani ile baiskeli ni kushika mwendo mmoja muda mrefu peke yako. Anayeshindana kwenye makundi ya barabarani asijidanganye, bega kwa bega na watu wengine hujifunzii sebuleni.

Nyota: treina nampa nne na nusu, nusu inakatwa kwa kiti. Tredimili tatu. Programu tatu kasoro, kwa sababu ya zile kilo. Feni tano.

Wenye bajeti ndogo tafuteni treina iliyotumika, watu wengi wananunua kwa shauku na kuuza baada ya msimu mmoja. Ukienda kuiangalia nenda na baiskeli yako, hakikisha ekseli yako inaingia na vipande vya kuunganishia vipo, maana aina za ekseli ni nyingi na hivyo vipande vikipotea ni usumbufu kuvipata. Izungushe kwa nguvu uache ijizime yenyewe, usikilize beringi, ikikwaruza ondoka. Iunganishe na simu yako uone kama inasoma, uliza kama imefanyiwa apdeti, panda dakika 10 kwenye modi ya ERG uone kama inashika wati au inapanda na kushuka hovyo. Angalia kutu kwenye gia na chini ya miguu yake, hapo ndo utajua mwenyewe wa kwanza alikuwa na feni au hakuwa nayo.